Kafuri Katika Mtungi

Asubuhi ile wateja wa Kasimu walikunywa chai nusu kikombe, wakatazamana, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mtu hakai kwenye benchi la chai saa moja ya asubuhi akataja maiti, na Kasimu mwenyewe, ambaye amepika chai Kichangani tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, hakutaka kuwa wa kwanza. Alinusa tangawizi. Alinusa iliki. Alinusa birika tupu. Mwisho alifungua bomba, akakinga maji viganjani na kuyapeleka puani, na hapo akaiacha biashara yake wazi akaenda kumgongea Mwanaheri.

Mwanaheri Mbaruku alikuwa mlezi wa utando katika Idara ya Mzunguko. Ndivyo kazi yake ilivyoitwa, mlezi, kama vile ni ya kubeba watoto, na majirani walikuwa wamezoea kumletea kila lalamiko la maji, hata la bomba lililong'olewa na mbuzi. Alifika bandani na kanga begani, mswaki bado mkononi, akijiandaa kucheka. Akanywa funda moja la maji matupu.

Harufu yenyewe ilikuwa hafifu, ya kupita tu nyuma ya ulimi. Angekuwa mgeni kutoka bara angedhani ni dawa ya nondo. Lakini mtu aliyezaliwa Kichangani haifahamu kafuri kutoka dukani. Huifahamu tangu utotoni, akiwa ameshikwa mkono mlangoni pa nyumba yenye msiba, na tangu siku hiyo hahitaji kuambiwa ni nini.

"Labda ni dawa ya mabomba," alisema Kasimu, naye alikuwa akimwomba akubali.

Mwanaheri alisema ataangalia. Alikuwa ameshajua.

*

Tanga ya miaka hiyo ilikuwa imebaki bila mto wa kutegemea. Mvua ilikuwa imepoteza adabu: masika yote yalimwagwa kwa muda wa wiki mbili, yakabomoa kuta na kukimbilia baharini, kisha mji ukakaa mkavu mpaka vuli, na vuli nayo ikija ilikuja kwa kujisikia. Mitambo ya kuondoa chumvi ilijaribiwa ikaua samaki wa pwani nzima, ikazimwa. Ndipo mji ulipoamua kuhifadhi maji chini ya miguu yake, mchangani, ambako jua haliyafikii.

Mchanga peke yake hauhifadhi maji, kila mtoto anayecheza ufukweni analijua hilo. Kinachoufanya ushike ni utando. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyofundishwa kushikana na kuzunguka punje za mchanga mpaka zikawa ukuta usiovuja, na ndani ya ukuta huo vikala kila uchafu unaopita. Maji ya bafuni, ya jikoni na ya chooni yalishuka huko, yakapita katika utando taratibu, yakarudi bombani yakiwa safi kuliko yalivyotoka. Maji ya mvua yaliingia kwa milango ya barabarani na kukaa humo humo. Watu waliiita hifadhi hiyo Mtungi, na jina likashika hata katika karatasi za serikali.

Utando ulikuwa mwanafunzi mzuri. Ukitaka ule kitu, unaupa kidogo kidogo katika chupa za maabara. Vijidudu vinavyoshindwa vinakufa, vinavyoweza vinazaana, na ukivimwaga Mtungini baada ya wiki chache mji mzima unakuwa umejifunza. Mwanaheri aliufundisha sabuni, mafuta ya taa, hina, rangi za nguo, dawa za presha na masala ya biriani. Chembe za utando zilisafiri na maji mpaka bombani, kwa makusudi, ziendelee kuyalinda, na ndiyo maana maji ya Tanga yangeweza kukaa ndooni mwezi mzima yasivunde. Wataalamu kutoka miji mingine walikuja kuyaonja na kutikisa vichwa.

Kitu kimoja tu hakuufundisha, kwa kuwa kiliapiwa kwamba hakitaingia.

Ule mwaka wa kwanza, Idara ilipoeleza kwamba watu watakunywa maji waliyoyatumia jana, Kichangani ilicheka, halafu ikakasirika. Aliyeituliza ni Bi Tumu, mwosha maiti wa mtaa, dada mkubwa wa mama yake Mwanaheri. Alisimama mkutanoni akasema ya bafuni sawa, ya chooni Mungu atusamehe, lakini maji ya maiti hayanywewi na mtu. Maji yale tangu zamani yanashuka ufuoni, katika lile shimo linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea, yanakwenda kwenye udongo mtupu pamoja na mwenyewe. Idara ikiahidi hivyo, yeye atakuwa wa kwanza kunywa. Mwanaheri, aliyekuwa ametoka chuoni juzi juzi, ndiye aliyetumwa kuahidi. Mama yake, Bi Saumu, alishuhudia kwa sauti ya juu kwamba mtoto huyu amemzaa yeye na hajui kudanganya. Kwa hiyo ikajengwa nyumba ya kuoshea kando ya msikiti, na chini ya kitanda chake likatobolewa bomba pana, likapita katikati ya Mtungi bila kuugusa, likamwaga katika udongo ulio chini kabisa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mji ulipoongezeka na Mtungi ukawa mdogo. Ulikuja mwaka wa madumu. Masika yalifurika juu ya Mtungi uliojaa yakapotea, na kufikia Oktoba bomba lilikuwa likikohoa hewa. Watu walizunguka na madumu, wakafukua visima vya zamani, wakanywa walichokikuta. Kipindupindu kiliingia Kichangani na Bi Tumu alikuwa akiosha maiti za watoto mfululizo, asubuhi na jioni, mpaka mikono yake ikachubuka. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Mji ulitaka Mtungi wa Pili, mpana, wa kina kirefu, chini ya Kichangani yote, na uliutaka kabla ya masika mengine.

Ule utanuzi ndio ulioleta kafuri.

*

"Niambie ni pete," alisema Shemhilu, mkurugenzi wa Idara, kabla Mwanaheri hajakaa.

"Ni pete."

Shemhilu hakuwa mtu mbaya. Lingekuwa jambo jepesi zaidi kama angekuwa mbaya. Alikuwa Mbondei mpole, mwenye tumbo na macho ya kukosa usingizi, naye alikuwa amezika mtoto wa kaka yake mwaka wa madumu. Bomba la ufuo lilipaswa kurefushwa mpaka chini ya Mtungi wa Pili, na mwisho wake uvishwe pete ya shaba, kwa kuwa utando hauwezi kuvuka shaba. Bomba lilirefushwa, lakini shaba ilichelewa bandarini. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya milima ya Usambara. Wakakubaliana, wao wawili, katika chumba hiki hiki, kwamba wautie utando sasa, wapokee mvua, na pete itavishwa kiangazi. Utando haukusubiri kiangazi. Ulitambaa ukiufuata unyevu, ukaliziba bomba mdomoni, na maji ya ufuoni yakakosa pa kwenda. Yakapanda, yakapenya kwenye maungio, yakaingia Mtungini na kafuri yake.

Maji yalikuwa salama. Mwanaheri aliyapima kwa kila kipimo anachokijua, na utando ulikuwa umekula kila kitu cha kuliwa. Kafuri peke yake ilipita, kwa sababu hakuna aliyewahi kuutambulisha nayo. Wangekuwa hawakuahidi kitu, kafuri ingekuwa katika orodha ya mafunzo tangu mwanzo na pua ya Kasimu isingejua lolote. Ahadi yao wenyewe ndiyo iliyowaumbua.

Walikuwa na njia mbili, na walizizunguka mpaka chai ikapoa. Ya kwanza ilikuwa kuufikia mdomo wa bomba na kuuvisha pete. Hilo lingetaka Mtungi wa Pili umwagwe wote, maji ya masika yote, na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza. Mwanaheri alijua Oktoba ingekuwaje, maana aliiona iliyopita. Ya pili ilikuwa kuufundisha utando kula kafuri. Wiki chache tu, na harufu ingeondoka.

Mwanaheri alisema kuna pia kuwaambia watu.

Shemhilu aliuliza, kwa upole, wakishaambiwa watakunywa nini. Watafunga mabomba na kurudi kwenye visima vile vile. Alisema hawamdhulumu mtu, maji ni safi, wanachofuta ni harufu tu. Pete itavishwa baada ya vuli, na mambo yatakuwa kama walivyoapa. Ni miezi michache ya kunyamaza.

Aliyasema hayo bila kumtazama. Mwanaheri naye alitazama dirishani, akatafuta la kumjibu, na jambo linalouma mpaka leo ni kwamba hakulitafuta kwa bidii. Alikuwa amechoka na aliogopa Oktoba. Tena, tuseme ukweli, alimwogopa Bi Tumu zaidi. Akasema ataanza mafunzo kesho.

*

Bi Tumu alikuja jioni ile ile. Aliingia bila kubisha, kama anavyoingia siku zote kwa mdogo wake, akaketi pembeni ya kitanda cha Bi Saumu, ambaye moyo wake ulikuwa mbovu na miguu imevimba, akamuuliza hali, akamkanda miguu, akamsimulia harusi moja iliyovunjika kwa sababu ya pilau. Bi Saumu alicheka mpaka akakohoa. Mwanaheri alikuwa akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kisha Bi Tumu akanyoosha mgongo.

"Mwanaheri, mwanangu. Maji yananuka kafuri. Ni ya ufuoni?"

Aliuliza hivyo hivyo, kavu. Angezunguka kidogo, angelaumu au kupandisha sauti, pengine Mwanaheri angepata mahali pa kuingilia. Alimtazama mama yake mkubwa, zile kucha fupi na ngozi ya vidole iliyokunjamana kwa maji ya miaka mingi, akasema, "Hapana, Mama Mkubwa. Ni dawa ya mabomba mapya. Itaisha."

"Umesikia, dada," alisema Bi Saumu kutoka kitandani. "Nilikwambia. Huyu nimemzaa mimi." Na ili kummaliza dada yake kabisa aliomba gilasi ya maji, akaishika kwa mikono miwili, akainywa yote mbele yao na kujifuta midomo kwa ncha ya kanga.

Bi Tumu alicheka, akaomba radhi kwa kudhani vibaya. Alimwomba radhi Mwanaheri.

*

Kafuri ni kitu kigumu. Chupa za mwanzo zilikufa zote, maji yakabaki wazi na vijidudu vikazama chini kama unga. Mwanaheri alianza na kiasi cha chini mno, akapandisha pole pole, akawa anazifuata chupa kila asubuhi kama mtu anayengoja barua asiyoitaka. Siku alipofungua chupa na kunusa maji matupu, msaidizi wake wa maabara alipiga makofi. Yeye aliweka kizibo akaenda kukaa nje, kwenye kivuli cha ukuta.

Waliumwaga utando mpya Mtungini, na baada ya majuma kadhaa harufu ilikwisha. Wateja wa Kasimu walirudi bandani. Kasimu alimpelekea Mwanaheri kaimati kwenye sahani iliyofunikwa, kwa shukrani, na Mwanaheri alizila kwa sababu mama yake alikuwa akimtazama.

Kiangazi kilikaza. Mtungi wa Pili ulishika. Maji yalitoka kila nyumba, mchana na jioni, wakati miji mingine ya pwani ilikuwa ikipanga foleni, na ilipofika Oktoba hakuna mtoto aliyeugua Kichangani. Hilo nalo ni kweli, na lazima lisemwe. Kuna siku Mwanaheri alipita shuleni wakati wa mapumziko, akawaona watoto wamegombania bomba, wakirushiana maji, na kwa muda mfupi alijiambia kwamba alifanya sawa.

Halafu yakaanza maneno kuhusu Bi Tumu na muuza dawa za kienyeji. Bi Tumu alimrudishia kafuri yake mbele za watu akisema ni chaki. Muuzaji akaapa. Bi Tumu akahamia duka jingine, akarudisha na huko, na mwisho akaagiza Unguja kwa mtu anayemwamini. Mtaani likawa jambo la kuchekesha, kwamba bibi amezeeka na pua imezeeka naye. Mwanaheri alisimuliwa kisa hicho kwenye foleni ya mikate. Alielewa nusu, na ile nusu nyingine akaikataa. Alijiambia bibi amezeeka. Alinunua mikate yake akaenda nyumbani.

*

Bi Saumu alifariki asubuhi, siku chache kabla ya mawingu ya vuli. Aliomba maji, Mwanaheri akamnyanyua kichwa akamnywesha, mama akasema ahsante mwanangu, akalala tena.

Walimpeleka nyumba ya kuoshea kabla jua halijawa kali. Bi Tumu alimwambia Mwanaheri aingie, mtoto wa kike ndiye wa kummwagia mama yake. Walikuwemo pia wanawake wawili wa mtaa wanaomsaidia Bi Tumu kazi hiyo. Walimlaza juu ya kitanda, wakamsitiri kwa kanga, na Bi Tumu akaanza kumwosha mdogo wake kwa upole ambao Mwanaheri hakuwahi kuuona kwa mtu yeyote. Alikuwa akimsemesha kwa sauti ya chini. Inua mkono kidogo, Saumu. Sasa tunageuka. Maji ya kwanza yalikuwa ya majani ya mkunazi, ya pili matupu, na yote yakashuka ufuoni kwa sauti ile ya kububujika, na Mwanaheri, akishika kata, alijua kwa hakika yanakwenda wapi na kwamba kabla ya mwisho wa mwezi yatatoka kwenye birika la Kasimu. Aliendelea kumwaga.

Kwa maji ya mwisho Bi Tumu alifungua kifurushi kutoka Unguja. Harufu ilitoka kali, chumba kizima kikaipata. Aliisaga, akaitia katika beseni, akakoroga kwa mkono, akainama. Akaongeza. Akakoroga tena, akainama tena, na Mwanaheri akaona mabega yake yakisimama.

"Nusa," alisema, akimsogezea beseni.

Mwanaheri akanusa. Yalikuwa maji.

Bi Tumu alichukua punje nyingine, akaidondosha mbele yake. Harufu ilipanda kwa kitambo cha pumzi moja kisha ikazimika pale pale, na juu ya maji pakabaki utelezi mwembamba unaong'aa. Chembe zilizofundishwa zilikuwa zikila. Zilikuwemo katika beseni, katika ndoo, katika kila tone la mji ule, na hakukuwa na namna ya kuzifundisha zisahau.

"Mwanaheri," alisema Bi Tumu. "Mara ya kwanza nilikuuliza mbele ya mama yako. Nakuuliza tena mbele yake."

Mwanaheri akasema yote. Alisema kuhusu pete ya shaba na mvua, mdomo wa bomba, chupa za maabara, Oktoba. Alisema maji yalikuwa safi, akasikia mwenyewe jinsi neno hilo lilivyokuwa dogo humo ndani. Mmoja wa wale wanawake aliketi chini sakafuni. Mwingine, ambaye alizika wanawe wawili mwaka wa madumu, aliendelea kushika miguu ya marehemu isiteleze, na machozi yakimtoka bila sauti.

Bi Tumu alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya paji la uso la mdogo wake.

"Maji ya kuoshea mtu mmoja ni ndoo ngapi?" aliuliza.

"Nne," alisema Mwanaheri. "Tano, akiwa mkubwa."

"Ungetuambia, tungebeba."

Mwanaheri hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Yeye na Shemhilu walikuwa wamepima Mtungi mzima, mvua ya msimu mzima, kiu ya mji mzima, na katika hesabu hizo zote hawakuwahi kuhesabu ndoo tano na wanawake wenye vichwa vya kuzibebea. Wangeliziba lile bomba kwa kitambaa tangu siku ya kwanza. Wangekinga maji chini ya kitanda na kuyapeleka kwenye udongo mtupu, kwa miguu, kila msiba, mpaka pete ivishwe. Wangelalamika sana, kwa sababu Kichangani hulalamika, na wangebeba.

"Kuna maji yoyote mjini humu ambayo hayajapita kwenu?" aliuliza Bi Tumu.

Mwanaheri alifikiri. Kila paa lilikuwa limeunganishwa. Kila kisima kilikuwa kimefunikwa. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yao.

"Ya bahari tu," alisema.

Wale wanawake wawili walitumwa baharini wakiwa na madumu. Walipokuwa wakiwangoja, Mwanaheri alivua kanga yake ya juu, akaikunja na kuisokomeza katika mdomo wa ufuo mpaka ikakaza, akapanga mabeseni chini ya kitanda. Bi Tumu hakumsaidia wala hakumkataza. Maji yalipofika waliyachuja kwa kitambaa cheupe, kafuri ikatiwa, na harufu ikapanda na kukaa. Ilijaa chumbani, ikawapata watu waliosimama nje, na mmoja wa wale wanawake akalia kwa kelele kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mwanaheri alimmwagia mama yake taratibu, kuanzia kulia, kama alivyoelekezwa. Maji ya mwisho peke yake ndiyo aliyoweza kumwokolea.

Wakati wanaume walipoinua jeneza kwenda makaburini, wanawake walitoka kwa mlango wa nyuma, wakapita njia nyingine na ndoo za maji yaliyokingwa vichwani. Utando hauvumilii chumvi, kwa hiyo Mtungi ulikoma hatua kadhaa kabla ya ufukwe, na huko udongo ulikuwa bado udongo. Walichimba kwa mikono na kwa sahani ya bati. Walimwaga, mchanga ukanywa, wakafukia. Njiani kurudi Bi Tumu alimwambia Mwanaheri kwamba Ijumaa, watu wakishaswali, asimame nje ya msikiti na awaambie mwenyewe, kwa mdomo wake, bila Idara.

"Watakataa kunywa," alisema Mwanaheri.

"Watakasirika. Wana haki." Alihamisha ndoo tupu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Halafu watabeba."

Ndoo zingeweza kubebwa, pete ingeweza kuvishwa, lakini kafuri ilikuwa imekwisha katika maji ya Tanga, na misiba yote ijayo ingepaswa kwenda kuiomba bahari.

Nyumbani waombolezaji walikuwa wamejaa. Wali ulikuwa umepakuliwa kwenye masinia, mikeka imetandikwa, na wazee walikuwa wakimngoja mfiwa anawe ndipo wale. Mwanaheri aliketi. Mikono yake ilinuka kafuri mpaka kwenye viwiko, na tangu ufukweni alikuwa ameishika mbali na nguo zake, kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika. Ilikuwa harufu ya mama yake, ya mwisho, na aliye na kosa la kuifanya iwe ya mwisho alikuwa yeye.

Bi Tumu alikuja na birika na bakuli la kunawishia. Alijua maji yale yangefanya nini. Alisimama mbele yake muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili, wageni wakiwatazama, halafu akainamisha birika, kwa sababu watu walikuwa na njaa na mtu hali chakula kwa mikono iliyoosha maiti. Maji yalimpita vidoleni, baridi na safi. Mwanaheri aliinua viganja usoni kabla havijakauka, na havikunuka kitu.